Namba iliyo chini ya pipa la bluu

Ukikaa Mwanza juu kwenye mawe, Igogo au Bugarika au Mabatini, lazima uwe na pipa. Ziwa unaliona dirishani kutwa nzima, lakini maji ya bomba yakipanda leo mpaka kwako, hujui yatapanda tena lini. Watu hununua yale mapipa ya plastiki ya bluu, ya lita 200, yaliyokwisha kufanya kazi viwandani. Wanayakata juu ili jagi lipite, wanayasugua, wanahifadhia maji. Letu tulilipata hivyohivyo. Siku moja nililipindua kulisafisha, nikakuta chini yake kiduara chenye herufi u juu ya n, na pembeni yake mstari huu: 1H1/Y1.8/150.

Kwa kuwa nimekula chumvi nyingi kwenye maabara za shule kama fundi sanifu, mstari ule ulinikalisha chini. Duara ni alama ya Umoja wa Mataifa kwa vifungashio vya bidhaa za hatari. 1H1 ni pipa la plastiki ambalo juu yake limezibwa, lina vizibo vidogo tu vya kumiminia (hilo la kukatwa ni utundu wetu). Y inasema pipa linafaa kwa kemikali za hatari ya kati na za hatari ndogo, si zile kali kabisa. 150 ni shinikizo, kwa kilopaskali, ambalo pipa la aina hiyo lilijaribiwa nalo. Na ile 1.8? Hiyo ndiyo densiti linganifu: uzito wa kimiminika ukilinganishwa na uzito wa maji ya ujazo uleule. Pipa letu liliundwa kubeba kimiminika kinachofika mara 1.8 ya uzito wa maji, basi.

Namba hii iko kwenye kila karatasi ya taarifa za usalama inayotembea na kemikali, kipengele cha 9 kati ya 16, na wengi huipita kama wanavyopita anwani ya mtengenezaji. Mimi naiona kuwa namba ya kwanza kuisoma kwa mtu anayetunza kemikali karibu na ziwa, kwa sababu inakwambia kitu kikimwagika kitaelekea wapi.

Maana yenyewe ni nyepesi. Chukua chupa, ijaze maji, pima uzito wa hayo maji. Ijaze kimiminika chako, pima uzito wake. Gawanya wa pili kwa wa kwanza. Gramu kwa gramu zinafutana, inabaki namba tupu isiyo na kizio. Petroli hutoa kama 0.72 hadi 0.78. Dizeli 0.82 hadi 0.86. Gliserini 1.26. Asidi ya salfuriki isiyochanganywa na maji, 1.84. Zebaki ya wachimbaji wadogo wa dhahabu huko Geita, 13.6, yaani chupa ya soda ya nusu lita ikijaa zebaki inakaribia kilo 7, na anayeinyanyua mara ya kwanza hudhani imegandishwa mezani.

Kinachowachanganya watu ni kwamba namba moja huvaa nguo tofauti. Kule Kirumba, jirani na Mwaloni, kuna fundi anayechaji betri za taa za wavuvi wa dagaa. Anafungua kizibo cha betri, anachovya mrija wa mpira, anaminya puto na kuliachia, asidi inapanda kwenye bomba la kioo ambamo ndani yake kuna kiboya chembamba chenye namba shingoni. Hasomi akiwa amesimama. Anachuchumaa mpaka jicho lake liwe sawa na uso wa asidi, maana ukisoma kwa juu unajidanganya.

"Hii bado, kaka. Ina elfu moja mia mbili na ishirini. Ikigonga themanini nakuitia."

Elfu moja mia mbili na ishirini ni 1.220, nukta imemezwa. Betri iliyojaa husoma karibu 1.28, iliyoisha hushuka mpaka 1.12 hivi, kwa sababu ikitumika salfeti inahamia kwenye sahani za risasi na kilichobaki kinazidi kufanana na maji. Sasa nenda kwa mnunuzi wa maziwa. Naye ana kiboya kilekile, anakiita laktomita, lakini chake kinasoma 30, na maana yake ni 1.030. Karatasi ya kemikali nayo inaweza kuandika kilo 1,220 kwa mita moja ya ujazo, au gramu 1.22 kwa mililita. Kabla ya kushtuka kwamba namba hazilingani, angalia kwanza nukta imekaa wapi.

Tatizo zito zaidi ni joto. Maji na kemikali vyote hutanuka vikipata joto, ila havitanuki sawa. Kwa hiyo mtu akisema "densiti linganifu ni 0.79" bila kutaja joto, amesema nusu ya neno. Maabara huandika namba mbili ndogo pembeni, 20/4, maana yake kimiminika kimepimwa kikiwa nyuzi 20 za Selsiasi na kinalinganishwa na maji ya nyuzi 4. Kwa nini 4? Kwa sababu hapo ndipo maji yanapokuwa mazito kuliko yalivyo kwenye joto lingine lolote, yakikaribia kabisa kilo 1,000 kwa mita ya ujazo. Ukilinganisha na hayo, namba yako inakuwa sawasawa na gramu kwa mililita. Ndivyo unavyotaka mwongozo namba 109 wa OECD (Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo), uliotolewa mara ya kwanza 1981, ambao maabara nyingi duniani huufuata zinapopima kemikali kwa ajili ya tathmini ya usalama.

Nyuzi 20 kwetu ni joto la asubuhi. Chumba cha maabara Mwanza, mchana, kiko 25 au 28. Basi unapima kwa joto ulilonalo, unaliandika, halafu unasahihisha.

Niwaonyeshe jinsi tulivyokuwa tukifanya kwa chupa ya densiti. Ni kichupa cha kioo cha mililita 50 chenye kizibo kilichosagwa kikakaa sawasawa, na katikati ya kizibo kuna tundu jembamba kama la sindano. Kazi ya lile tundu ni moja: ukikibana kizibo, ziada inapenya juu na kutoka, kila mara unabaki na ujazo uleule. Kikavu na kitupu, chetu kilikuwa gramu 31.24. Tukakijaza maji yaliyochemshwa na kupozwa, ili yasiwe na hewa iliyoyeyuka, tukakizamisha mpaka shingoni kwenye beseni la maji ya nyuzi 25 kama dakika 20, tukafuta nje, tukapima: 81.09. Maji peke yake, 49.85. Tukakikausha. Tukajaza gliserini, ileile wanayonunua kina mama wanaotengeneza losheni. Beseni tena, kufuta tena, mizani: 94.14. Gliserini peke yake, 62.90.

Gawanya 62.90 kwa 49.85 unapata 1.262. Hiyo ni 25/25, maji yetu yalikuwa ya nyuzi 25, siyo 4. Maji ya nyuzi 25 yana 0.997 ya uzito wa yale ya nyuzi 4, kwa hiyo unazidisha: 1.262 mara 0.997 ni 1.258. Sasa hiyo ndiyo namba ya kuandika, na mbele yake unaweka 25/4.

Kabla ya kupata hiyo 1.258, tulipata kwanza kioja. Kijana mmoja alipima haraka akaja na 1.249, kabla hata ya kusahihisha. Tukasema gliserini imechakachuliwa kwa maji, na mimi nilikuwa wa kwanza kumlaumu muuzaji, kwa sauti, mbele ya wanafunzi. Tulipokiinua kichupa kwenye mwanga wa dirisha tukaona povu limejibanza chini ya bega la kioo, dogo, kama nusu mililita. Nusu mililita ya hewa pale penye gliserini inakuibia gramu 0.63, na hizo ndizo zilizotushusha. Vimiminika vizito vya kuvutika namna hii hushika povu na haviliachii. Unamimina taratibu ukiegemeza kwenye ukuta wa kioo, kisha unaacha kitulie. Muuzaji sikumwambia kitu, maana hakujua kwamba alikuwa ameshitakiwa.

Kiboya, yaani haidromita, ni cha haraka na kwa petroli au asidi ya betri kinatosha, lakini kwa vitu vya kuvutika kinakwama katikati kabla hakijafika mahali pake, ukasoma uongo. Kinataka pia kimiminika kingi cha kuelea ndani yake, kwa hiyo kama una mililita 10 tu za kemikali ya bei mbaya, rudi kwenye chupa. Maabara kubwa zina mashine yenye mrija wa kioo uliopindwa kama herufi U, unaotikiswa mpaka utetemeke. Kitu kizito ndani yake hutetemeka polepole zaidi, na mashine inabadili mtetemo kuwa densiti. Matone machache yanatosha, na joto inalishika yenyewe. Nimeiona ikifanya kazi, na sikuona haja ya kurudi kwenye mabeseni, ila chupa haihitaji umeme.

Haya, namba tumeipata. Ya nini?

Weka upande mmoja vitu vinavyochanganyika na maji kabisa, kama ethanoli na asetoni. Hivi vikimwagika ziwani, kuelea au kuzama ni kwa muda mfupi tu, baadaye maji yanavimeza na huwezi kuvikusanya tena. Kwa hiyo swali la kwanza si densiti, ni kama kitu kinayeyuka kwenye maji. Kama hakiyeyuki au kinayeyuka kidogo, hapo ndipo namba inaposhika usukani. Chini ya 1, kitaelea: petroli, dizeli, mafuta ya taa, toluini. Kitatanda juu, kitaonekana, upepo wa jioni utakisukuma ufukweni, na unaweza kukizuia kwa vizuizi vinavyoelea na kukizoa. Juu ya 1, kitazama. Diklorometheni, ambayo watu huitumia kuvua rangi kwenye mbao na vyuma, ina 1.33. Ikimwagika kutoka gatini unaona mawimbi tu, kama hakuna kilichotokea, na yenyewe iko chini kwenye tope inatafuta mabonde. Ziwa lenyewe kina chake cha wastani ni kama mita 40. Mji unakunywa kutoka humohumo, kupitia vyanzo vya Capri Point na Butimba, na mabomba ya kuvuta maji hayakai juu juu kwenye povu la wimbi.

Hapa kuna jambo ambalo mtu wa Dar es Salaam anaweza kulisahau akija kufanya kazi kwetu. Maji ya bahari yana chumvi, densiti yake ni karibu 1.025. Ya kwetu ni maji baridi yenye joto, 0.997 hivi. Kati ya namba hizo mbili kuna mwanya mwembamba, na kemikali inayoangukia humo ina tabia mbili. Anilini, kwa mfano, ni 1.02: baharini inaning'inia mpakani, ziwani inazama. Mpango wa dharura ulioandikwa kwa ajili ya bandari ya pwani, ukinakiliwa mzimamzima kwa ajili ya bandari ya Mwanza, utapeleka watu kusubiri juu kitu ambacho kimeshalala chini.

Kwenye moto ni vivyo hivyo. Petroli inayowaka ukiimwagia ndoo ya maji, maji yanapita chini yake na petroli inapanda juu ikiwa bado inawaka, halafu inasafiri na maji mpaka kwa jirani. Ndiyo maana zimamoto hutumia povu, linalokaa juu ya petroli na kuinyima hewa. Kaboni disalfaidi ni kinyume chake. Ni kati ya vimiminika vinavyoshika moto upesi mno, lakini ina 1.26 na haipatani na maji, kwa hiyo huhifadhiwa chini ya tabaka la maji kama blanketi.

Hata ule wimbo wa maabara, "asidi kwenye maji, siyo maji kwenye asidi", umesimama juu ya namba hii. Asidi ya salfuriki ni 1.84. Ukimimina maji juu yake, maji yanabaki juu kama ngozi nyembamba, joto lote la kuchanganyika linazaliwa kwenye ngozi hiyo, maji yanachemka papo hapo na kurusha asidi usoni. Ukimimina asidi kwenye maji, inazama, inajichanganya njiani, na joto linagawanywa kwenye maji mengi. Polepole, na miwani machoni.

Kuna mkanganyiko mmoja ambao naukuta hata kwa watu wenye vyeti. Kipengele kilekile cha 9 kina namba mbili zinazofanana kwa jina: densiti linganifu ya kimiminika, inayolinganishwa na maji, na densiti linganifu ya mvuke, inayolinganishwa na hewa. Petroli ikiwa kimiminika ni nyepesi kuliko maji. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, mara 3 hadi 4. Chukua mtumbwi wenye injini ya kupachika na dumu la petroli linalovuja. Petroli inashuka ngamani, inaelea juu ya maji yaliyokusanyika humo, na mvuke wake hauendi juu kupeperushwa na upepo, unatulia hapo chini kati ya mbavu za mtumbwi kama ukungu usioonekana. Mtu yuko juu, pua haisikii chochote, anawasha sigara na kutupa kijiti miguuni. Namba ya kimiminika ilimwambia petroli iko wapi, ila ya mvuke ndiyo ingemwambia moto uko wapi.

Na kuna mambo namba hii haijui kabisa. Ethanoli kwa nyuzi 20 ni 0.789. Asetoni ni 0.790. Methanoli ni 0.792. Ya kwanza ndiyo iliyo kwenye pombe, ya pili inaondoa rangi ya kucha, ya tatu inapofusha na kuua, na hakuna kiboya cha dukani kitakachokutofautishia. Anayeuza gongo akakuonyesha kipimo kinachoelea akisema "ona, ni safi", kipimo hakisemi alichosema yeye. Kutenganisha hizo kunahitaji kromatografia ya gesi, au vipimo vingine vya maabara ya kemia. Vivyo hivyo dizeli iliyotiwa mafuta ya taa kidogo: dizeli ya 0.84 ukiitia mafuta ya taa ya 0.80, moja kwa nne, unapata 0.832, bado iko ndani ya kiwango halali cha dizeli. Ndiyo sababu mojawapo mafuta nchini huwekwa vinasaba, yaani kemikali ya kuyatambulisha, badala ya kutegemea kiboya. Hata maziwa yana ujanja wake. Maji yanashusha namba, kuengua krimu kunaipandisha, na anayefanya vyote viwili kwa hesabu atakuletea 30 safi kabisa.

Nirudi kwenye pipa. Lita 200 za kitu chenye 1.8 ni kilo 360, na ukuta wa pipa unasukumwa na uzito huo wote, kuanzia lilipomwagiwa hadi linapodondoka kutoka kwenye lori pale Igoma. Dumu lililoandikwa Y1.4 halikujaribiwa kwa asidi ya salfuriki ya 1.84, hata kama asidi inaingia na kizibo kinafunga. Kama hakuna namba yoyote baada ya Y kwenye dumu la vimiminika, jua lilijaribiwa kwa kisichozidi 1.2. Na mtu wa bodaboda aliyezoea dumu la lita 20 la petroli, kama kilo 15, akipakiwa lita 20 za asidi hiyo amepakiwa kilo 37 kwenye dumu la umbo lilelile, na kona ya kwanza ya kushuka mlimani ndiyo itakayomwambia. Nafasi nayo ni ya kuachwa: petroli ya lita 200 iliyojazwa alfajiri ikiwa nyuzi 20, ikaanikwa juani hadi 40, inaongezeka karibu lita 4, na hizo lazima ziwe na pa kwenda. Kwa anayetunza kemikali za biashara, Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya 2003 inamtaka asajiliwe na Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye ofisi yake ya Kanda ya Ziwa iko hapahapa Mwanza, na karatasi ya usalama ni sehemu ya mambo anayopaswa kuwa nayo.

Pipa letu halikuja na karatasi. Nilirudi kwa aliyetuuzia nikamuuliza lilibeba nini.

"Juisi, mzee wangu. Haya yote ni ya juisi."

Huenda ni kweli. Viwanda vya vyakula navyo hununua mapipa yenye muhuri huohuo, na muhuri unasema pipa linaweza kubeba nini, hausemi lilibeba nini. Lakini juisi haihitaji 1.8, na nilipolisugua kwa mara ya tatu bado lilikuwa na harufu ambayo sikuweza kuipa jina. Sasa limekaa nyuma ya nyumba, maji yake ni ya choo na ya kumwagilia mchicha wa maua tu, siyo ule wa kula. Ya kunywa tunaweka kwenye ndoo mpya.